Mkebe wa Mkaguzi

Aliyenifundisha kushuku watu ni Mkaguzi, na alinifundisha vizuri sana, hata siku ikafika nikamshuku yeye mwenyewe.

Hapa Naro Moru kila mtu alimwita hivyo, hata mkewe akiwa na hasira. Kazi yake ilikuwa kupokea maziwa ya wakulima katika kituo chetu cha ushirika, na mimi nilikuwa msaidizi wake tangu sijaota ndevu hadi alipostaafu na kuniachia koti jeupe. Mkulima alifika na mtungi wake, Mkaguzi akafungua kifuniko, akainamisha pua na kukaa hapo kimya huku mwenye maziwa akimeza mate. Kisha akatumbukiza laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha kama yametiwa maji. Mwisho ilikuwa spiriti: maziwa kidogo, spiriti kidogo, anatikisa, na yakiganda, maana yameanza kuchacha, mtungi unarudi nyumbani. Mimi nikisoma kipimo, yeye alikuja nyuma yangu akakisoma upya. "Pima tena," alisema, hata kwa kipimo alichokuwa amekisoma mwenyewe. Sikumbuki siku hata moja aliyokubali macho ya mtu mwingine.

Aliwahi kurudisha maziwa ya mke wa mchungaji. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri kuhusu watu wenye mioyo migumu huku akimtazama, na Mkaguzi, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na alikaa safu ya mbele, alitikisa kichwa kukubali kila neno. Baada ya ibada alimsalimu kwa mikono miwili.

"Mahubiri ilikuwa mzuri sana, pasta," akamwambia. "Na huyo ng'ombe, ambia mama aache kumnywesha maji ndani ya mtungi."

Mazishini alinusa chai kabla ya kuinywa, na kama maziwa yalikuwa ya jana alisema, wafiwa wakisikia. Siku moja nilimsindikiza Nanyuki kununua beberu kwa mfanyabiashara mmoja aliyeleta mbuzi kutoka Doldol. Mkaguzi alifungua mdomo wa mbuzi, akahesabu meno, akamvuta sikio, akamchungulia kwato, halafu akaomba apelekwe kupanda kilima kidogo ili amtazame anavyohema. Yule bwana alivua kofia yake nyeupe akajipepea. "Mzee," akasema, "unanunua mbuzi ama unamwandika kazi?" Tulirudi bila mbuzi.

Nisieleweke kuwa alikuwa mtu mkavu. Mjane mmoja wa huku chini alirudishiwa maziwa yake asubuhi mbele ya foleni nzima, na jioni Mkaguzi akampelekea maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, akapitia nyuma ya shamba la viazi asionekane. Nilimwona kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kuchungulia. Aliwaimbia ng'ombe wake nyimbo za kanisa wakati wa kukamua, kwa sauti nzito iliyokuwa nguzo ya kwaya yetu, na ng'ombe mgonjwa alimkandia kiwele kwa maji moto kwa upole ambao mkewe alisema hajawahi kuuonja.

Kitu alichokichukia kuliko maziwa ya maji ni dawa za kujirudishia ujana. Tukienda Karatina siku ya soko alisimama kabisa mbele ya wauzaji wa dawa za nguvu za kiume, wale wenye vipaza sauti, akangoja wamalize kelele. "Kunywa wewe kwanza nikuone," alimwambia muuzaji. Wazee waliopaka nywele rangi aliwaita wazee wa rangi ya viatu. Mmoja wao alikuwa mzee wa kanisa mwenzake, nao walikaa benchi moja bila kusalimiana kwa muda mrefu.

Basi ukiwa umemjua mtu kwa namna hiyo, utadhani umemjua.

Alipostaafu alianza kuzimika. Sijui neno lingine. Nilimkuta zizini amelala usingizi, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, maziwa yamekauka vidoleni. Kwenye kwaya sauti yake ikawa inafika katikati ya ubeti na kukata. Alikasirika ovyo, kisha akaacha hata kukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Siku moja tukiwa tumeketi kwenye ua wake, mlima umefunikwa na mawingu, alitazama mikono yake akaniambia kitu ambacho sikutegemea kitoke kwake.

"Mwili yangu imekuwa kama maziwa ya kutiwa maji," akasema. "Ukiangalia, ni nyeupe. Ukipima, hakuna kitu."

Nilimwambia ni uzee. Akasema uzee ni neno la watu wavivu wa kupima.

Baada ya hapo ndipo safari za Nanyuki zilipoanza. Aliondoka asubuhi akiwa na koti la kanisani, akarudi mchana bila mzigo. Ukiulizwa mji wa Nanyuki una nini cha kumfanya mzee avae koti la kanisani siku ya kazi, utajibu nini? Na baada ya muda kidogo mtu akabadilika. Alianza kupasua kuni mwenyewe. Sauti ilirudi kwenye kwaya, ikarudi na ubishi juu yake. Alirudi kituoni kwetu kunisimamia kana kwamba hajastaafu, akasimama nyuma yangu, "pima tena, pima tena," hadi wakulima wakaanza kucheka. Nilifurahi kumwona hivyo, sitaki kudanganya. Lakini furaha yangu haikutulia, kwa maana yeye ndiye aliyenifundisha kwamba maziwa yakizidi utamu ghafla, unauliza kilichotiwa.

Mkewe, ambaye sote tunamwita Cucu, yaani nyanya, alikuwa na jibu lake tayari. Alinivuta kando baada ya kanisa.

"Wewe ndio uko na macho yake," akaniambia. "Angalia yeye. Niambie ni nani."

"Ni nani nani, Cucu?"

"Huyo mwanamke wa Nanyuki."

Nikamwangalia. Niliangalia viatu vyake, nikaangalia simu yake alipoiacha mezani, nikamuuliza maswali ya kuzunguka. Sikupata mwanamke. Nilichokipata kilikuja kwa njia nyingine kabisa, kupitia kwa mtoto.

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na akishapewa jina, yeye ni yule babu. Nyanya humwita mtoto huyo "mume wangu" mchana kweupe, na mtoto akipenda chumvi watu husema si ndiyo tabia ya mwenye jina. Mkaguzi alikuwa na mjukuu kama huyo. Wazazi wake walikuwa wakifanya kazi mjini Nyeri, mama akisuka nywele katika saluni, baba akiwa barabarani na lori, kwa hiyo mtoto alilelewa huku shambani. Tulimwita Guka Mdogo, kwa sababu guka ni babu, na yeye alikuwa babu katika suruali fupi.

Guka Mdogo alikuwa bado chekechea alipoanza kukua kwa kasi. Alikua mabega, akaota chunusi mashavuni, sauti ikakwaruza. Aliwapiga watoto wenzake hadi mwalimu akamwita Cucu shuleni, na Cucu akarudi akicheka njia nzima. "Mzee wangu amerudi," aliwaambia watu. "Hata hasira ni yake." Majirani walikuja kumtazama, wakamgeuza huku na huku, wakasema jina limemshika sawasawa. Mkaguzi naye alivimba kichwa. Kwenye mwimo wa mlango wa zizi alikuwa akimpima urefu: anamsimamisha mtoto, anaweka rula juu ya kichwa, anachora mstari kwa penseli ya kituoni, kisha anapima tena. Mistari ile ilipanda mlango haraka kuliko mtoto yeyote niliyemwona, na kila mgeni alipelekwa kuonyeshwa.

Mimi sikupenda. Siku moja mtoto alikuja kituoni na kopo la maziwa, akasimama karibu yangu, nikasikia harufu ya jasho la mtu mzima. Niliangalia nyuma yake nione ni nani aliyeingia. Hapakuwa na mtu. Mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu ananuka kama mpakiaji wa mawe, na kijiji kizima kinashangilia.

Asubuhi fulani nikaenda kwa Mkaguzi kuomba dawa ya kupe. Nilimkuta nje, ametoka kuoga, amekaa juani juu ya kigoda na suruali tu, mabega wazi yanang'aa. Kwa baridi yetu ya asubuhi, mzee wa kanisa kukaa kifua wazi! Guka Mdogo naye alikuwa amevaa fulana nyepesi tu, amempanda mgongoni, mikono imezunguka shingo, shavu limelala kwenye lile bega linalong'aa, anaimba. Ilikuwa picha nzuri. Kama ningekuwa mtu mwingine ningepita nikiwa nimefurahi.

"Ingia zizini ujichukulie," Mkaguzi akaniambia. "Iko kwa shelfu."

Kwenye rafu, kando ya dawa ya kupe, kulikuwa na mkebe wa jeli ya kukamulia, ile tunayopaka chuchu za ng'ombe zisipasuke, na ambayo nusu ya Naro Moru hujipaka miguuni. Niliufungua kwa mazoea tu. Jeli ya kukamulia ni ya manjano na haina harufu ya maana. Hii ilikuwa ang'avu kama maji, nyepesi, na ilinuka spiriti. Nimefanya kazi na spiriti maisha yangu yote. Niliinamisha pua, nikakaa hapo kimya, kama nilivyofundishwa.

Nilitoka nao mkononi. Nilimwambia mtoto aende kwa Cucu.

"Mkaguzi, hii si jeli."

"Rudisha mahali umetoa."

"Ni nini?"

"Ni kitu yangu. Umeanza kunikagua?"

"Ni wewe ulinifundisha."

"Toka kwa boma yangu," akasema, akasimama, na kweli alikuwa na nguvu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliogopa atanipiga.

Sikujua ilikuwa dawa gani. Nilijua tu kwamba kitu kimefichwa ndani ya mkebe wa kitu kingine, na kwamba kilikuwa kwenye bega, na mtoto alikuwa kwenye bega. Nilifika barabarani, mkebe bado mkononi, nikampigia simu mama wa mtoto kule Nyeri, nikamwambia mtoto apelekwe hospitali bila kuutaja mkebe. Alikuwa anasuka mtu, nikasikia redio ya saluni ikizimwa.

"Uncle, hata mimi sijakuwa nikilala," akasema. "Mtoto wa nursery ako na pimples? Nilimwosha mwezi uliopita nikapata ameota nywele huko chini. Nikaambia cucu, ananiambia ati ni jina. Ati nifurahi."

Alikuja siku iliyofuata na kumchukua mwanawe, na sote tukaenda Nyeri hospitalini, Mkaguzi akiwa kiti cha mbele, hajanisemesha. Walimtoa mtoto damu, wakampiga picha ya mkono kuangalia mifupa. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyezungumza akiangalia watu machoni. Alituambia mwili wa mtoto umeanza kubalehe kabla ya wakati wake, na kwamba homoni za kiume zilizo katika damu yake hazikutoka kwake.

"Pima tena," Mkaguzi akasema.

"Tumepima tena, mzee," daktari akajibu. "Kuna mtu hapo nyumbani anatumia homoni? Sindano, ama gel ya kupaka?"

Cucu akasema hakuna. Mama wa mtoto akasema hakuna. Mimi niliangalia sakafu. Nilikuwa na mkebe mfukoni mwa koti na nilikuwa nimeapa kuutoa, lakini nilimpa nafasi. Mkaguzi alivua kofia yake akaiweka gotini.

"Ni mimi," akasema.

Akaeleza yote kwa sauti ya mtu anayesoma kipimo. Kliniki ya Nanyuki, homoni ya wazee, kujipaka mabegani kila asubuhi, kukaa hadi ikauke. Ilikuja katika vipakiti vyenye karatasi ya maelezo. Cucu alikuwa mwalimu na alisoma kila karatasi iliyoingia nyumbani, kwa hiyo Mkaguzi alikamulia dawa ndani ya mkebe wa jeli na kuchoma vipakiti pamoja na maelezo yake. Mtu aliyesoma kila kibandiko cha kila chupa ya kila dawa ya ng'ombe aliichoma karatasi ile bila kuisoma, kwa aibu. Daktari alisema karatasi hiyo ingemwambia afunike mabega, anawe mikono, asimguse mtoto.

"Dawa yenyewe si mbaya," daktari akaongeza. "Kuna wanaume inawafaa, wakipimwa damu na kufuatiliwa. Wewe walikupima?"

Mkaguzi aliigeuza kofia yake juu chini.

 Cucu alimgeukia mumewe taratibu.

"Ingekuwa heri mwanamke," akamwambia.

Halafu daktari akatuambia lile la mwisho. Homoni ikikoma, mengi yangetulia. Lakini mifupa ilikuwa imekimbia mbele ya umri. Mtoto anayekimbia hivyo huonekana mrefu kuliko wenzake, kisha huenda akasimama mapema, asirefuke tena, wenzake wakampita. Watamfuatilia, kuna matibabu, hawezi kuahidi. Niliona Mkaguzi akitazama ukuta, na najua aliona nini pale. Aliona ule mwimo wa mlango.

Nilienda Nanyuki mwenyewe baadaye, kwa hasira. Ilikuwa ngazi nyembamba juu ya duka la mbegu, na picha ya mzee mwenye mvi amebeba gurudumu la trekta. Msichana mwenye koti jeupe, safi kuliko langu, aliniuliza kama nachoka jioni, kama nakasirika bila sababu, kama hamu imepungua. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ni mwanaume gani wa umri wangu angejibu hapana?

"Uncle, hiyo ni homoni imeshuka," akasema kwa huruma. "Tutakuanzishia gel. Unajipaka tu."

"Damu hampimi?"

"Dalili zinatosha, uncle."

Kituoni kwetu hatungepokea maziwa ya kutia kwenye chai moja kwa namna hiyo. Nilimwambia hivyo. Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, na labda nilikuwa hivyo, kwa sababu nikishuka ngazi niligundua kwamba sehemu ya moyo wangu ilitaka kurudi juu. Nilimwelewa Mkaguzi siku hiyo kuliko miaka yote niliyosimama mbele yake. Kumsamehe ni jambo lingine, na bado nalifanyia kazi.

Mkaguzi aliacha dawa siku ileile ya hospitalini. Mama wa mtoto alimhamishia mwanawe Nyeri, na kwa muda mrefu hakumleta hata Krismasi. Alipolegea na kuanza kumleta wakati wa likizo, tuliona Mkaguzi ameanza tabia mpya. Kabla mtoto hajashuka garini yeye anakuwa bombani, ananawa hadi mabegani kwa sabuni ya mitungi na maji yanayotoka moshi, kisha anavaa shati la mikono mirefu na koti juu yake hata jua likiwaka. Daktari alimwambia hakuna kilichobaki mwilini mwake cha kumdhuru mtoto. Cucu amemwambia. Mtoto mwenyewe humfuata nyuma. Yeye hutia mikono mifukoni na kumsimulia hadithi akiwa mbali kidogo.

Nilimtembelea likizo iliyopita. Amekwisha kabisa, koti lile la kanisani limemzidi, na kwenye kwaya siku hizi hukaa tu na kufungua kitabu. Guka Mdogo alikuwa pale. Uso umelainika, chunusi zimeisha, ni mtoto tena, isipokuwa sauti ambayo haijarudi yote. Tulikuwa tukizungumza habari za bei ya chakula cha ng'ombe mtoto aliposimama mwenyewe kwenye mwimo wa mlango wa zizi, akakaza visigino.

"Guka, nipime."

Mkaguzi alitoa rula na penseli ile ya zamani kutoka mfukoni. Akanipa mimi.

"Pima wewe," akasema.

Nikaweka rula juu ya kichwa cha mtoto, nikaisawazisha, nikaleta penseli. Hapakuwa na mahali pa kuchora. Rula ilikaa juu ya mstari ambao Cucu alimchorea likizo iliyotangulia, sawasawa, kana kwamba ulichorwa kwa ajili yake. Nilisogea nikaangalia vizuri, nikanyoosha rula upya, nikaangalia tena.

"Nimeongezeka?" mtoto akauliza, macho yamenitazama juu.

Mkaguzi alikuwa amesimama kando ya kigoda, mikono mifukoni. Ni hatua chache tu kutoka pale hadi mlangoni, na macho yake bado ni mazima, anasoma Biblia bila miwani.

"Umeongezeka," nikasema. "Kidogo, lakini umeongezeka."

Nikamgeukia mzee, nikangoja aniambie nipime tena. Nilingoja aje nyuma yangu ainame, auzuie uongo wangu usifike mbali, kama alivyofanya kwa kila mtungi nilioupokea mbele yake. Hakusogea. Alinyoosha mkono nimrudishie penseli, akaipangusa kwenye koti.

"Sawa," akasema.